Chuo kikuu cha jimbo au chuo binafsi cha bei kubwa? Maswali ya familia za Kiswahili Marekani

Barua za kukubaliwa hufika kati ya Machi na Aprili, na vyuo vingi hutaka jibu kufikia tarehe 1 Mei. Majibu haya ni kwa familia zinazoishi Marekani zenye mtoto anayeanza shahada ya kwanza. Viwango vya riba ni vya mwaka wa masomo 2025–26.

Chuo cha jimbo kinataja dola 30,000 kwa mwaka, cha binafsi 64,000. Kuna cha kujadili hapo?

Kipo. Bei iliyo kwenye tovuti ni kama bei ya kwanza ya muuza vitenge. Wapo wanaoilipa yote, ila si wengi. Vyuo binafsi visivyo vya biashara huwapunguzia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa wastani, zaidi ya nusu ya ada. Shirika la College Board liliweka wastani wa ada kwa 2024–25 kuwa dola 11,610 kwa mkazi anayesoma chuo cha umma cha jimbo lake, 30,780 kwa anayetoka jimbo jingine, na 43,350 kwa chuo binafsi. Hiyo ni ada peke yake, bila chumba na chakula, na kabla ya punguzo lolote.

Mnachotafuta ni bei ya mfukoni: gharama yote ya mwaka, mkatoa fedha zisizorudishwa tu. Mkopo si punguzo.

Tangu Oktoba 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuweka kikokotoo cha bei kwenye tovuti zao. Kaeni nacho mkiwa na fomu ya kodi mkononi. Kikiuliza mapato tu bila kuuliza alama za mtoto, jueni hakijahesabu skolashipu ya alama, na jibu lake ni la kukadiria sana.

Usifute chuo kwa kuogopa bei kabla ya kuona barua. Chuo cha Berea, Kentucky, ni binafsi, lakini tangu 1892 hakimtozi mwanafunzi yeyote ada. Kila mmoja hufanya kazi ya chuo angalau saa 10 kwa wiki. Harvard, kuanzia 2025–26, haidai chochote kwa familia yenye mapato ya hadi dola 100,000 na mali ya kawaida. Upande wa umma nao haujalala: Minnesota, kupitia mpango wa North Star Promise ulioanza 2024, hulipa ada yote ya chuo cha umma kwa mkazi ambaye familia yake ina mapato yaliyo chini ya dola 80,000.

Barua ya msaada inasema tumebakiwa na dola 0. Mbona mnasema tutalipa?

Kwa sababu vyuo vingi huchanganya zawadi, kibarua na deni katika safu moja, halafu vinajumlisha. Tuchukue mfano wa kubuni wa chuo cha jimbo. Ada dola 12,000, chumba na chakula 13,500, vitabu 1,200, usafiri na matumizi 3,300: jumla 30,000. Chini yake barua inaorodhesha hivi:

Ruzuku ya Pell (ya serikali kuu) 5,000
Ruzuku ya jimbo 4,000
Skolashipu ya chuo 2,000
Kazi ya chuo 2,500
Mkopo wa mwanafunzi 5,500
Mkopo wa wazazi 11,000
Linalobaki: 0

Chukua kalamu. Mistari 3 ya juu ndiyo zawadi, jumla 11,000. Kazi ya chuo haikati bili: ni ruhusa ya kutafuta kazi ndani ya chuo, na mtoto hulipwa kwa saa alizofanya, baada ya kuzifanya. Akikosa kazi, au akipata saa chache, fedha hizo hazipo. Mistari 2 ya mwisho ni deni, na ule wa wazazi ni deni lenu ninyi. Bei ya mfukoni hapa ni 19,000.

Kwenye barua yenyewe, maneno "grant" na "scholarship" ni fedha zisizorudishwa. Neno "loan" ni mkopo, hata likifichwa katikati ya maneno mengine. Mkopo wa "subsidized" serikali huulipia riba mtoto akiwa chuoni. Wa "unsubsidized" riba yake huanza kuhesabiwa siku fedha zinapotolewa.

Basi tuzidishe bei ya mwaka wa kwanza mara 4?

Hapo ndipo wengi huteleza. Endelea na mfano wetu, sasa chuo binafsi: ada 46,000, chumba na chakula 14,500, vitabu na mengine 3,500, jumla 64,000. Zawadi: skolashipu ya chuo 32,000, ruzuku ya mahitaji 6,000, Pell 5,000, ruzuku ya jimbo 3,000. Jumla 46,000, bei ya mfukoni 18,000. Kimekuwa rahisi kuliko cha jimbo kwa dola 1,000, na nyumbani watu wameshaanza kupiga vigelegele.

Ngoja kwanza. Ada ya 46,000 ikipanda asilimia 4 kila mwaka, mwaka wa 4 itakuwa karibu 51,744, na skolashipu mara nyingi hubaki 32,000 ile ile. Nyongeza hiyo ya miaka 3 ni zaidi ya dola 11,300, yote juu yenu. Chuo cha jimbo kikipandisha asilimia 3 juu ya 12,000, nyongeza yake ni kama 2,200. Jumla ya miaka 4: binafsi karibu 83,300, jimbo karibu 78,200. Aliyekuwa mbele kwa 1,000 sasa yuko nyuma kwa 5,000, na hatujagusa bei ya chumba, ambayo hupanda kote kuwili.

Kwa hiyo iulizeni ofisi ya misaada ya fedha maswali haya kwa barua pepe, si kwa simu, ili majibu yabaki kwa maandishi:
– Skolashipu hii inatolewa kwa mihula mingapi, na huongezeka ada ikipanda?
– Inataka wastani gani wa alama na krediti ngapi kwa mwaka? Wastani wa 3.0 na krediti 30 ni masharti ya kawaida. Fizikia na kemia za mwaka wa kwanza zimewaangusha wengi hapo.
– Akishuka muhula mmoja, anapewa muda wa kujirekebisha au inakatwa papo hapo?
– Ruzuku ya mwaka wa kwanza ni sawa na ya mwaka wa 2? Vipo vyuo vinavyotoa nyingi mwanzoni kisha hupunguza.
– Akipata skolashipu ya nje, ya kanisani au ya chama cha jamii, mtapunguza yenu? Vingi hupunguza. Omba wapunguze mkopo kwanza.

Sisi ni wakimbizi na bado hatuna kadi ya kijani. Tunaruhusiwa kuomba?

Ndiyo. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi na mwenye kadi ya kijani wote wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, na kupata ruzuku ya Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa 2025–26 ni dola 7,395. Kwenye swali la uraia chagua mkazi anayestahili asiye raia, kisha andika namba A yenye tarakimu 9 iliyo kwenye karatasi za uhamiaji. Mzazi asiye na namba ya Social Security naye anaweza kufungua akaunti ya StudentAid.gov, hali yake ya uhamiaji haimzuii mtoto anayestahili.

Kinachokwamisha mara nyingi ni jina. FAFSA hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba na kumbukumbu za Social Security. Kwa familia zilizopitia Nyarugusu, Kakuma au Nakivale si ajabu jina la ukoo kuwa limetangulia kwenye karatasi moja na kufuata kwenye nyingine, herufi moja imeruka, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwa ndugu 3 wa nyumba moja. Jaza kama ilivyo kwenye kadi ya Social Security hata kama imekosewa, kisha shughulikia kurekebisha kadi pembeni. Ukijaza jina sahihi ambalo kadi hailijui, fomu itagoma.

Mtoto tunamlea sisi, lakini si wa kumzaa.

Kwetu baba mkubwa ni baba. Kwa FAFSA si mzazi, labda awe amemwasili mtoto kisheria. Mapato ya mama mdogo, babu au kaka mkubwa hayaingii kwenye fomu hata kama wao ndio wanaomlisha.

Mtoto huhesabiwa mwenye kujitegemea, na hujaza bila mzazi, iwapo wakati wowote tangu afikishe miaka 13 hakuwa na mzazi hata mmoja aliye hai, au mahakama ya jimbo ilimweka chini ya mlezi wa kisheria. Karatasi ya mahakama ndiyo inayotakiwa. Makubaliano ya familia hayatoshi. Ikiwa wazazi wako hai lakini walitenganishwa na mtoto kwa sababu ya ukimbizi, sheria inaitaja hali hiyo miongoni mwa zinazoruhusu ofisi ya chuo kumhesabu mtoto kuwa wa kujitegemea. Atie alama kwenye swali la hali zisizo za kawaida, kisha apeleke maelezo pamoja na barua ya mtu anayeifahamu familia: mshauri wa shule, mchungaji au imamu, mfanyakazi wa shirika la wakimbizi. Kila chuo huamua chenyewe, kwa hiyo anaweza kukubaliwa kimoja na kukataliwa kingine.

Tuna kiwanja Kigamboni na tunatuma pesa nyumbani kila mwezi. Vinahesabiwa?

Nyumba mnayoishi haihesabiwi na FAFSA. Kiwanja na nyumba ya kupangisha huhesabiwa kama mali, viwe Ohio au Kigamboni, kwa thamani ya leo ukitoa deni lake. Hata hivyo familia nyingi hazifiki kwenye swali hilo: fomu huliruka iwapo kuna mtu wa nyumbani aliyepata msaada wa serikali kama stempu za chakula au Medicaid katika miaka 2 iliyopita.

Pesa za kutuma nyumbani hazina sehemu kwenye FAFSA, na hazipunguzi chochote. Vyuo binafsi vingi, vile vyenye fedha zake vyenyewe, hutaka fomu ya pili, CSS Profile, ambayo ni ya bure kwa familia yenye mapato ya hadi dola 100,000. Hiyo ina nafasi ya kueleza hali maalumu: andikeni mnamtunza nani, kiasi gani, na wekeni risiti za miezi 12 tayari. Mjue pia kwamba Profile huchimba zaidi. Baadhi ya vyuo hutazama thamani ya nyumba mnayoishi, na wazazi wakiwa wameachana hutaka karatasi za wote wawili.

Sisi ni Waislamu, hatutaki riba. Kuna njia?

Mikopo yote ya elimu ya serikali kuu ina riba. Ule wa subsidized nao huanza kudai riba baada ya masomo. Suala la hukumu yake waachieni masheikh. Kwa upande wa hesabu, mnaweza kukataa mkopo wowote kwenye barua bila kupoteza ruzuku hata dola moja. Mtoto huingia kwenye akaunti yake ya chuo, anakubali mistari ya zawadi, anakataa ya mikopo. Halafu ombeni mpango wa kulipa kwa awamu: vyuo vingi hugawa bili ya muhula kwa miezi 4 au 5 bila riba, kwa malipo madogo ya kujiandikisha. Vipo pia vyuo binafsi vyenye sera ya kutotia mikopo kabisa kwenye barua ya msaada, na hapo ndipo chuo chenye bei ya kutisha huweza kuwa mkombozi wa familia isiyotaka deni.

Mkopo kiasi gani ni salama?

Serikali imemwekea mtoto kikomo: dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa 2, 7,500 wa 3 na wa 4. Jumla 27,000, kwa riba ya asilimia 6.39 kwa mikopo ya 2025–26. Kikomo hicho tunakiona ni mpaka mzuri. Chuo kinachohitaji zaidi ya hapo ili kilipike ni cha kufikiriwa upya.

Mkopo wa wazazi, Parent PLUS, ndio unaoumiza. Riba yake ni asilimia 8.94, na hukatwa ada ya asilimia 4.228 kabla haujaufikia mkono wa chuo. Dola 11,000 kwa mwaka kwa miaka 4 ni 44,000. Zikilipwa kwa miaka 10 kwa riba hiyo ni kama dola 556 kila mwezi, bado hujaweka riba iliyolimbikizwa mtoto akisoma. Ofisi haipimi kama mshahara wenu unatosha kulipa. Hutazama tu kama rekodi yenu ya madeni ina doa kubwa. Kuanzia 1 Julai 2026 wakopaji wapya wamewekewa mwisho wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto, na chuo kilichokuwa kikiziba pengo lote kwa PLUS hakitaweza tena.

Ama mkopo wa benki unaomtaka mjomba aweke sahihi: sahihi hiyo ni deni kamili, si heshima ya kifamilia.

Anataka uuguzi. Hilo linabadilisha uamuzi?

Sana. Katika vyuo vikuu vingi vya jimbo mwanafunzi hukubaliwa chuoni, si kwenye uuguzi. Husoma anatomia, fiziolojia, kemia na mikrobiolojia, kisha huomba nafasi kwa ushindani. Akikosa, ana njia 3: abadilishe fani, ahame, au arudie masomo na kusubiri, na kila moja ina bei ya muhula au mwaka. Vyuo binafsi vidogo mara nyingi humpokea moja kwa moja kwenye uuguzi tangu siku ya kwanza. Nafasi hiyo ya uhakika inaweza kuhalalisha tofauti ya dola elfu chache.

Ulizeni: mwaka jana waliomba wangapi kuingia mwaka wa uuguzi na wakakubaliwa wangapi? Wahitimu wangapi walifaulu NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi, kwa mara ya kwanza? Bodi za uuguzi za majimbo huweka matokeo hayo wazi kwa kila chuo. Programu ina ithibati ya CCNE au ACEN? Na mazoezi ya hospitali yako wapi, maana zamu ya saa 12.30 asubuhi upande wa pili wa mji bila gari haiwezekani.

Uhandisi una swali moja la namna hiyo: ithibati ya ABET.

Chuo chochote binafsi ni sawa na kingine?

Hapana. Kipo binafsi kisicho cha biashara na kipo cha biashara, na hiki cha pili ndicho kinachopiga simu mara 5 kwa siku, kinakubali siku ile ile na kinakuharakisha utie sahihi. Corinthian Colleges ilifungwa 2015, ITT Tech 2016, na maelfu ya wanafunzi wakabaki na krediti ambazo vyuo vingine vilizikataa. Andika jina la chuo kwenye College Scorecard ya serikali: utaona kama ni cha biashara, wangapi humaliza, wastani wa deni na mapato ya wahitimu wa kila fani.

Tumehamia jimbo jipya Juni kwa sababu ya kazi. Mtoto ni mkazi?

Kwa kawaida bado. Majimbo mengi hutaka wazazi wawe wameishi pale miezi 12 kabla ya muhula kuanza, kwa nia ya kukaa, si kwa masomo tu. Ushahidi ni mkataba wa nyumba, kodi ya mapato ya jimbo, leseni ya udereva, barua ya mwajiri. Kama kazi mpya ni ya ng'ambo ya mpaka na mtoto yuko darasa la 12, piga simu ofisi ya usajili ya vyuo vya majimbo yote mawili kabla ya kufunga mizigo. Minnesota ina makubaliano ya ada na Wisconsin na Dakota zote mbili, na majimbo ya magharibi yana mpango uitwao WUE, ambapo vyuo shiriki hutoza kisichozidi mara moja na nusu ya ada ya mkazi.

Mapato yetu yameshuka tangu tujaze fomu. Tunaweza kuomba waongeze?

Mnaweza, na mnapaswa. FAFSA ya 2026–27 hutazama kodi za 2024. Haijui kwamba zamu za ghalani zilikatwa mwaka uliofuata. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: nini kilibadilika, tarehe, mapato ya zamani na ya sasa, na kiasi mnachopungukiwa. Ambatanisheni barua ya mwajiri, hati za malipo za miezi 2, bili za hospitali. Kama chuo kingine cha hadhi hiyo hiyo kimetoa zaidi, tumeni nakala ya barua yake na muulize kwa adabu kama kuna nafasi ya kuitazama upya. Vyuo binafsi vina uhuru mkubwa zaidi wa kuongeza. Vya jimbo mara nyingi hufungwa na bajeti, ingawa vinaweza kusahihisha hesabu na hivyo kuongeza Pell. Pelekeni wiki ya kwanza ya Aprili. Ndugu wawili kuwa chuoni pamoja si hoja ya FAFSA tena tangu 2024–25, lakini chuo binafsi kinaweza kulisikiliza.

Akikaa nyumbani tutaokoa kiasi gani?

Chumba na chakula huzidi ada katika vyuo vingi vya jimbo, kwa hiyo uokoaji ni mkubwa, ukitoa mafuta ya gari, bima yake na maegesho. Ila chunguza: vyuo kadhaa hupunguza ruzuku kwa anayeishi kwao, na vingine hulazimisha bweni mwaka wa kwanza. Na semeni ukweli kuhusu nyumba yenu. Binti anayerudi jioni kuwapikia watu 8 na kuwapeleka wadogo zake madrasa hana saa za kusoma kemia, na muhula wa ziada utameza akiba yote.

Kuna gharama gani zinazojitokeza Agosti?

Bima ya afya ndiyo kubwa. Vyuo vingi huiweka kwenye bili moja kwa moja, mara nyingi dola elfu kadhaa, mpaka mtoto athibitishe kila mwaka kwamba ana yake. Mwenye Medicaid akienda chuo cha jimbo jingine anaweza kukataliwa uthibitisho huo, kwa sababu Medicaid ya kwao kwa kawaida hailipi huko isipokuwa dharura.

Tumelipa amana ya chuo kimoja, kingine kikatuita kutoka orodha ya kusubiri. Tufanyeje?

Ombeni barua ya msaada ya chuo kipya kwanza, kwa sababu walioitwa mwisho mara nyingi hukuta fedha za skolashipu zimekwisha. Ikikubalika, lipeni huko na kiandikieni cha kwanza siku hiyo hiyo kwamba mnajitoa, chumba cha bweni pia kifutwe. Amana ya kwanza kwa kawaida hairudi.